Idadi ya Wakazi

Mtaa mzima ulikuwa ukiwalaani wabunge, isipokuwa mzee mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye aliwaombea wazidi kugombana.

Walimwita Babu Koma, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa amesoma prufu, zile kurasa za majaribio zinazosakwa makosa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha chapa cha serikali kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu, jicho lake halikustaafu naye. Siku moja alisimama mbele ya ubao wa bei wa kinyozi aliyekuwa chini ya jengo lao, akaomba chaki, akaongeza koma iliyokosekana. Kinyozi alicheka wiki nzima na kumsimulia kila aliyekuja kunyolewa. Jina likamganda mzee wa watu, naye hakulikataa.

Tuseme ukweli, alikuwa mpweke. Mkewe alifariki mwaka juzi. Mwana wao wa pekee alikuwa ng'ambo, akipiga simu mara moja moja, na kila akipiga alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Asubuhi mzee alisoma kwa sauti maelezo ya kwenye boksi la dawa ya meno, ili nyumba isikie mtu akizungumza. Ndara za mkewe zilikuwa bado mlangoni, na alipodeki alizinyanyua, akapiga deki pale chini, akazirudisha zilivyokuwa.

Sasa, kuhusu wabunge. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wananchi watapewa fedha za kujikwamua, maana biashara zilikuwa zimelala na bei zimepaa. Watu waliziita pesa za pole. Chama tawala kilitaka apewe kila mtu mzima. Upinzani ukasema huko ni kununua kura mchana kweupe, zitolewe kwa kaya. Chama tawala kikakaa siku nne, kikakubali kaya. Upinzani ulipoona kimekubali, ukashtuka, ukaanza kupinga kaya. Muswada ukapigwa danadana kati ya bunge na kamati, na kila walipobadili kifungu, makarani walirudi mitaani na fomu mpya ya rangi nyingine. Watu walitukana kila walipogongewa mlango. Babu Koma peke yake ndiye aliyesikiliza kikao redioni huku akisugua mikono.

Fomu ya kwanza ilikuwa nyeupe. Aliyeileta alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye begi la turubai begani na viatu vilivyolika kisigino upande mmoja. Alisimama mlangoni, akaeleza kwa ufupi, akaiacha, na kesho yake akaichukua bila hata kuingia ndani. Nyumba zilikuwa nyingi na ngazi hazikuwa na huruma.

Siku ya tatu akarudi, anahema. Fomu ilikuwa imerudishwa kutoka ofisini. Kisanduku cha nne, Idadi ya Wakazi wa Nyumba Hii, mzee alikuwa ameandika wawili, na daftari la mtaa lilionyesha mmoja.

Mzee alikwenda kuchukua kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya mwandiko wake mwenyewe. Hakuwa amewahi kuona kosa lake likiletwa na mtu mwingine.

"Nimeandika kwa mazoea, mwanangu," alisema. "Miaka thelathini na minane mkono umezoea hivyo."

Karani hakumpa ile pole ya kupita njia. Alishusha begi, akaketi, akauliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo mzee hakuwa ameulizwa na yeyote. Wote walitaka kujua tu ni ugonjwa gani. Akasimulia jinsi marehemu alivyoficha sukari asiimalize yeye, kisha akasahau alipoificha, wakainunua mara mbili kwa mwezi. Alisimulia mengine pia. Chai ikachemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena. Karani alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha naye akasema ana watoto wawili na mama mzazi, wote wanamtazama yeye, na kazi hii ni ya kibarua tu. Alipoondoka ilikuwa imepita saa nzima na zaidi. Kikombe chake mzee hakukiosha mpaka kesho yake mchana.

Hapo ndipo shetani alipomkuta.

Fomu ya njano ilipokuja, mzee aliijaza peke yake mezani, kioo mkononi. Huyu ndiye mtu aliyewahi kusimamisha mashine nzima ya chapa kwa sababu ya nukta moja. Kiwandani walifundishwa kusoma ukurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno kwa neno, kwa sababu anayesoma kwenda mbele huvutwa na maana, na jicho likaruka kosa. Alipofika kwenye namba ya kitambulisho, akazipindua tarakimu mbili za katikati. Aliona haya mbele ya meza yake mwenyewe, lakini hakufuta.

Siku sita alikaa anasikiliza hatua ngazini. Kila aliyepanda alikuwa wa ghorofa nyingine. Siku ya saba hodi ikapigwa, na moyo ukamruka kama wa kijana. Safari hiyo karani alikaa saa mbili. Walizungumza juu ya watoto wake, juu ya kiwanda cha chapa, juu ya wabunge waliovutana mashati mbele ya spika wiki ile. Namba ya kitambulisho waliisahihisha kwa dakika moja, mwishoni, akiwa amekwisha kuvaa viatu.

"Naona wanakusumbua, mwanangu," mzee alisema.

"Ndiyo kazi, babu," akajibu, na akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Basi ikaja ya kijani. Redioni walisema hii ndiyo ya mwisho: pande zote mbili zimekubaliana, kaya zipewe, na kaya ya mtu mmoja isiachwe. Makarani wangekusanya fomu hadi Ijumaa, kisha wote wafunge virago. Mzee alipata wiki ya kujiandaa. Alinunua biskuti. Aliisoma fomu ya jirani kabla yake haijafika, akakuta chini kabisa kisanduku kilichoandikwa Kwa Matumizi ya Ofisi Tu. Akitia saini yake humo, fomu ingeharibika yote, na karani angelazimika kurudi na nyingine mpya, ijazwe upya tangu mwanzo. Kwa kujaza taratibu hiyo ni saa tatu. Alikuwa amekwisha kuzihesabu.

Karani alikuja Alhamisi mchana. Alikuwa amechoka, kisigino cha kiatu kimekwisha kabisa, anatembea kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Alikunywa chai, akala biskuti mbili, akasifu. Mzee alijaza mstari kwa mstari huku wakipiga soga. Alipoulizwa atafanya nini kazi ikiisha, karani akasema ofisi ya mtaa itawachukua makarani watatu wa kudumu, wenye mshahara wa kila mwezi. Msimamizi angewachagua kwa fomu. Kila fomu iliyorudishwa inaandikwa juu ya karani aliyeipokea, maana ndiye anayetakiwa kuikagua. Mwenye tatu zilizorudi, jina lake halisomwi.

"Na wewe una ngapi?" mzee aliuliza.

"Mtaa mzima, babu, kaya mia mbili na kumi," alisema, akiweka kikombe chini polepole. "Zilizorudi ni mbili."

Hakusema za nani. Mzee hakuhitaji kuambiwa. Kalamu ilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umekwisha kufika chini ya ukurasa. Macho yakamshuka mpaka kwenye kile kisanduku cha ofisi, akakiona cheupe, safi, kimemkodolea macho. Uso ulimuwaka kwa aibu, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kwenda. Kwa miezi miwili alikuwa akijikaribishia mgeni, kumbe anaila riziki ya watoto wa mtu.

Hata hivyo alisita. Na asisingiziwe utakatifu: alisita kwa muda wa kutosha kuona mbele yake Ijumaa, na Jumamosi, na Jumatatu, ngazi kimya, boksi la dawa ya meno. Kisha akatia saini mahali pake.

Alirudi juu kwenye kisanduku cha nne, ambacho alikuwa amekiruka. Akaandika mmoja. Akaigeuza fomu, akaisoma yote kutoka mwisho kwenda mwanzo, kidole kikifuata kila neno, huku karani akingoja bila kumharakisha. Kisha akamkabidhi.

"Haina kosa," alisema.

Karani aliikagua naye, akagonga muhuri wake, akaitia begini. Mlangoni alivaa viatu polepole kuliko kawaida, mkono umeegemea ukuta, karibu na zile ndara.

"Babu, wewe ulisoma prufu miaka thelathini na moja," alisema bila kuinua uso.

"Ndiyo."

"Nilikuwa najiambia hivyo njiani, nikirudi na ile ya njano."

Mzee alitaka kuomba radhi, na radhi aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko mlango ule.

"Ile nyeupe lilikuwa kosa la kweli, mwanangu."

"Najua, babu. Ile ningeirudia hata mara kumi." Akaweka begi sawa begani. "Nitapita siku moja, nikusalimie."

Akashuka. Mzee alimsikiliza mpaka chini, kisigino kibovu kikigonga tofauti na kizima. Siku moja. Katika maisha yake yote alikuwa amepitisha fomu za kila aina, na hakuna hata moja ambayo ingekubali hiyo kuwa tarehe.

Wiki iliyofuata bunge lilivurugika tena, safari hii kuhusu nani atajwe kwenye tangazo kuwa ndiye aliyezileta fedha. Mzee alikaa karibu na redio, na tumaini likamchomoza bila kuombwa, akajiona mjinga. Hakuna aliyetaka fomu nyingine. Wabunge walipiga kelele siku mbili, wakapiga kura siku ya tatu, wakapeana mikono mbele ya kamera kama waliokuwa marafiki tangu utotoni.

Karani alipata kazi ile. Kinyozi ndiye aliyemwambia. Alikuwa amemwona ofisini, nyuma ya dirisha la kioo, ana viatu vipya, na mbele yake foleni imefika barabarani. Mzee alisema amefurahi, na alifurahi kweli, akapanda ngazi zake.

Pesa za pole ziliingia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Chini watu walipiga vigelegele, kinyozi akafungua redio hadi mwisho, mtu akaimba ngazini. Simu ya mzee nayo ililia juu ya meza. Akaruka kuishika, akadhani ni mtu.

Ulikuwa ujumbe wa serikali. Fomu yako imekamilika. Malipo yako yametumwa. Huhitaji kufanya jambo lolote zaidi, na hutatembelewa tena na karani.

Mzee aliketi. Akachukua kioo cha kukuzia, akausoma ujumbe ule neno kwa neno, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kisha akaurudia, akitafuta mahali walipokosea. Hawakuwa wamekosea popote.