Simu Mdomoni mwa Mbuta

Simu ilianza kulia kabla pikapu haijapanda kutoka ufuoni Asembo Bay hadi lami. Nasipwondi alibadilisha gia, akakwepa shimo, akamwacha mbuzi apite. Simu ikalia mpaka ikakata, kisha ikaanza tena.

Ilikuwa ya kazi, si yake. Bwana Laban, mwenye gari, ndiye aliyeifunga pale karibu na usukani kwa kishikizi cha plastiki. Pembeni yake alikuwa amebandika karatasi nyekundu yenye maandishi makubwa: NI MARUFUKU KUTUMIA SIMU UKIENDESHA. Aliibandika baada ya ajali ya Oduor, dereva wa kabla yake, polisi walipotaka kujua kama ana sheria za usalama.

"Si ushike?" aliuliza Mama Seline, ambaye nusu ya samaki waliopakiwa nyuma walikuwa wake. Alikuwa amekaa upande wa abiria, miguu yake ikikumbatia beseni kubwa. Ndani ya beseni, juu ya barafu iliyopondwa, alilala mbuta mmoja mnene, jicho angavu, mdomo wazi. Huyo alikuwa wa maonyesho. Kila safari walichagua samaki mmoja mzuri akae mbele, na gari likiwa njiani Bwana Laban hupiga simu ya video pamoja na mnunuzi wa hoteli. Dereva hufunua mashavu ya samaki mbele ya kamera, mnunuzi akaona yalivyo mekundu, bei ikakubaliwa. Hayo yote gari likiwa mwendoni.

"Nitashika nikisimama Ndori," Nasipwondi alisema.

"Basi nipe mimi nimwonyeshe. Mikono yangu haina kazi."

"Bosi hataki uongee na mnunuzi."

"Kwa nini?"

"Utasikia hoteli inalipa ngapi."

Mama Seline alipiga paja lake na kucheka bila furaha. "Ai yawa! Kumbe ndio maana anataka dereva aweke kile kitu kwa sikio."

Walipofika Ndori, Nasipwondi aliegesha kando ya kibanda cha mkaa na kupokea.

"Mbona gari limesimama?" Sauti ya Bwana Laban ilitoka kabla hata ya salamu. "Naliona hapa kwa ramani. Limesimama!"

"Nimesimama ndio niongee na wewe, bosi."

"Nani amekuambia usimame? Barafu inayeyuka. Mtu wa hoteli anataka kuona samaki sasa hivi, na anataka kuona gari linakuja. Endesha, nitakupigia. Usiposhika wewe, kuna vijana hapa getini wananiomba kazi kila asubuhi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bosi."

Alirudi barabarani. Alikuwa ameelewa kabisa. Chumba chake Migosi, shule ya binti yake, dawa za mama yake kule Bungoma, vyote vilining'inia kwenye ufunguo ule wa gari. Kupata kazi ya udereva kulimchukua muda mrefu. Wengi walimwangalia tu, wakacheka, wakamuuliza kama anajua kupika.

Aliyempa nafasi ni Oduor. Ndiye aliyemfundisha njia hii, tuta kwa tuta, na mahali ambapo watoto huvuka barabara pale Kombewa wakienda kuteka maji. Mahali hapohapo Oduor alimgonga msichana wa darasa la tano aliyekuwa na mtungi kichwani. Mkono mmoja wa Oduor ulikuwa umeshika mbuta, mwingine simu. Mahakamani Bwana Laban alivaa suti, akasema kampuni yake haivumilii uzembe. Nasipwondi alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa. Alingoja mtu aulize ni nani aliyekuwa upande wa pili wa simu. Hakuna aliyeuliza. Oduor sasa yuko jela, na mama wa yule msichana bado anauza nyanya kando ya barabara, akiinua macho kila gari likipita kwa kasi.

Leo ilikuwa siku ya soko. Kombewa ilijaa mikokoteni, bodaboda zenye magunia, na kina mama walioshika watoto mikononi. Simu ikalia. Kwenye kioo chake likatokea jina la Bwana Laban, na chini yake alama ya simu ya video.

Nasipwondi alipunguza mwendo. Mbele yake, kati ya lori na rundo la vitunguu, mtoto alichungulia, akarudi, akachungulia tena. Alisimamisha gari kabisa. Mtoto akavuka akikimbia, mtungi mtupu ukigonga mgongo wake. Nyuma mtu alipiga honi na kutukana.

Simu iliendelea kulia.

Aliing'oa kwenye kishikizi. Mama Seline alidhani sasa anajibu, akaanza kumwinua samaki. Lakini Nasipwondi aliinama, akafungua mdomo wa mbuta, mdomo mkubwa wenye meno madogo kama msasa, na kusukuma simu ndani mpaka ikapotea.

"Wewe!" Mama Seline alisema.

"Yeye ndiye anatafutwa. Acha ajibu mwenyewe."

Akakanyaga klachi, akaondoka. Kando ya barabara mama wa nyanya aliinua macho. Nasipwondi alipita polepole, mikono yote miwili kwenye usukani.

Simu ililia tena. Safari hii sauti ilitoka kooni mwa samaki, nzito, na mtetemo ukafanya mkia ucheze kwenye barafu kama aliye hai. Mama Seline alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya leso. "Haloo," alimwambia mbuta. "Bosi anauliza uko wapi, baba. Mwambie uko njiani."

Walipopita Holo, walikuta kizuizi cha polisi. Afisa mmoja mnene alimpungia Nasipwondi mkono aegeshe. Hakuuliza leseni. Alikuwa na simu yake sikioni, akitabasamu.

"Ndiyo, Laban, hili hapa limefika. Ni mwanamke, ndiyo." Akamgeukia Nasipwondi. "Dada, kwa nini unamdharau bosi wako? Anakupigia hushiki."

"Naendesha, afande."

"Si ushike haraka haraka tu, umwambie uko wapi?"

"Afande, ni nyinyi mlimshika Oduor kwa kushika haraka haraka."

Tabasamu lilimtoka afisa. "Hiyo ni kesi nyingine."

"Basi niandikie. Andika kwamba umeniamuru nijibu simu nikiendesha, uweke jina lako na namba. Nitabandika hapa." Aligusa karatasi nyekundu.

"Unataka kunifukuzisha kazi, mama?"

"Hapana. Nataka kufika."

Afisa alimtazama, akamtazama Mama Seline, akatazama beseni, ambapo samaki alikuwa ameanza kulia tena, bila shaka Laban akipiga kwa simu yake nyingine. Akampitishia Nasipwondi simu yake dirishani kana kwamba inamuunguza.

"Bosi, ni Nasipwondi. Naongea sasa kwa sababu gari limesimama. Nikiondoka hapa siongei."

"Ukifika," Bwana Laban alisema taratibu, "weka ufunguo mezani."

Alirudisha simu, akashukuru, akawasha indiketa. Akashika njia ya Kisumu. Ziwa lilionekana upande wa kulia, kijani kwa magugu, halafu likafichwa na nyumba. Aliendesha kama alivyofundishwa, akitazama mbele, akitazama vioo, akitazama watoto. Samaki walifika barafu ikiwa bado ngumu.

Bwana Laban alikuwa anawangoja uani. Nasipwondi aliweka ufunguo mezani bila kuombwa. Mama Seline ndiye aliyefungua mdomo wa mbuta na kuitoa simu, ikidondosha maji. Wapakuzi waliangua kicheko mpaka Bwana Laban alipowageukia.

"Griffins!" aliita. Kijana mmoja mrefu alikuja mbio kutoka getini, leseni tayari mkononi. "Peleka mzigo huu hotelini moja kwa moja." Aliipangusa simu kwa shati lake, akairudisha kwenye kishikizi. "Na nikipiga unashika. Nakupigia sasa hivi, tuzoeane."

Nasipwondi alikuwa amebeba mkoba wake, akielekea getini. Alisikia injini ikiwaka. Akasikia mlio ule. Akageuka, akaona mkono wa Griffins ukiacha usukani kuifuata simu, gari likianza kusogea.

Akasimama katikati ya geti.

"Siste, toka!" Griffins alifunga breki. "Utafanya nikugonge!"

"Sio mimi utagonga. Zima injini."

"Nina mtoto, siste. Nimekaa nje mwaka mzima."

"Najua. Oduor pia ana watoto. Izime."

"Mtoeni huyo mwanamke!" Bwana Laban alipaza sauti. Wapakuzi walitazama viatu vyao.

Mama Seline aliinua beseni lake, akatembea bila haraka hadi getini, akalitua mbele ya gari. "Wale wangu washushwe kwanza," alisema. "Sipeleki samaki wangu na dereva anayeongea."

"Barafu inayeyuka, mama!"

"Tunaiona."

Griffins aliwatazama wanawake wawili, akamtazama bosi wake mpya. Akageuza ufunguo. Injini ikanyamaza, na ua wote ukasikia simu ikilia kwenye kishikizi, ikikata, ikianza upya. Hatua chache kutoka hapo Bwana Laban alikuwa bado ameshika yake sikioni, akimpigia mtu aliyekuwa akimtazama.