Adabu ya Vittus Mbele ya Ukuta wa Barafu

Mtafiti Preben Lindegaard alikuja na masanduku kumi na moja, suruali za namna tatu, na saa ya mkononi inayotabiri hali ya hewa. Alikuja pia na mpango wa siku kumi na mbili, uliofunikwa plastiki usilowe: kukokota kayaki juu ya mto wa barafu, kushuka nazo ghubani, kisha kupiga kasia mbele ya ule ukuta ambapo barafu inaishia baharini. Siku ya nne, saa tatu na nusu asubuhi, iliandikwa "picha ya ushindi". Ni nani aliyekuwa anashindwa hapo, mpango haukusema.

Kiongozi wake alikuwa Vittus, mwindaji wa sili mwenye miaka hamsini na miwili, ambaye maishani mwake hajawahi kumwamrisha mtu mzima. Si kwamba alikuwa mwoga. Kijijini kwao, mashariki ya Grinlandi, kumwambia mtu mwenye ndevu zake "fanya hivi" ni sawa na kumvua nguo hadharani. Unamtajia mbingu zilivyo, unatanguliza "labda", halafu unamwachia akili yake imalizie. Utaratibu huo umewafaa miaka nenda miaka rudi, maana anayeambiwa kwa kawaida huwa nayo hiyo akili.

Siku tatu za kwanza walizikokota kayaki kama watu wanaovuta ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Nyufa zilikuwa zimezibwa na theluji nyembamba, na Vittus alitangulia akichomachoma chini kwa fimbo. Kila alipokuta uwazi alisema kwa upole, "Labda hapa pana shimo." Mara ya kwanza Preben alitumbukia hadi kwapani. Mara ya pili aliishia kiunoni, akaandika kwenye daftari lake kwamba anazidi kuyazoea mazingira.

Asubuhi ya siku ya nne, wakiwa wamepiga kambi nyuma ya mwamba kando ya ghuba, jua liliwaka, upepo hamna, bahari imetulia tuli. Lakini ndege walikuwa wamehama ukutani, na juu ya barafu kuu mawingu yalikuwa yamelala bapa. Aliyekulia huko haelezwi zaidi: hiyo ni piterak, upepo unaoporomoka kutoka kwenye barafu ya juu na kung'oa mapaa ya nyumba. Vittus alisogea pembeni akamwita mkewe kwa redio.

"Bibiane, huko mnaonaje?"

"Tumeshafunga mashua kwa kamba mbili mbili. Kaeni hukohuko nyuma ya mwamba."

"Nimemwambia labda leo ni siku nzuri ya kunywa kahawa."

"Akasemaje?"

"Akasema atainywa njiani."

"Vittus wewe! Mwambie hapana!"

"Mtu mzima yule."

"Mtu mzima gani anavaa taa kichwani mchana kweupe? Nisikilize, mume wangu. Ukifa kwa bahati mbaya nitakulilia mpaka macho yavimbe. Ukifa kwa adabu, sikulilii ng'o."

Vittus alimjua mkewe, hakuwa anatania. Kubaki nyuma ya mwamba peke yake hakuweza, kwani mgeni haachwi. Basi akaingia kwenye kayaki yake, moyo mzito, akijua kabisa anakokwenda.

"Saa yangu inasema shwari mpaka keshokutwa, rafiki yangu!" Preben alimpigia kelele kwa furaha.

Mbele ya ukuta barafu ilikuwa ikilia na kupasuka ndani kwa ndani. Preben alizidi kusogea, kamera juu ya mpini wake mrefu.

"Labda ukuta huu haujatulia," Vittus alisema.

"Mzuri ajabu, eh?"

"Labda nyumbani wanatukumbuka."

"Hata mimi nawakumbuka wangu," Preben alijibu kwa hisia. "Sogea kidogo, unanitia kivuli."

Vumbi la theluji likainuka juu ya ukuta. Vittus alihisi baridi shingoni, akaogopa, akaogopa kweli. Alitaka kusema "rudi", akafungua kinywa, neno halikuwemo. Miaka hamsini na miwili hakuwahi kuliweka. Kwa mtu mzima hakuwa na amri hata moja. Alikuwa nazo za mbwa tu, mbwa wake kumi na wanne wa kuvuta sleji juu ya theluji, na ndizo zilizotoka. Ilitoka kwanza ile ndefu ya kooni, ya kuwageuza kushoto. Ikafuata ile kali ya kuwatimua mbio.

Preben akageuka kushoto. Akapiga kasia kama mwendawazimu, wala hakuuliza kitu. Walipofika nyuma ya kisiwa cha mawe na kupanda nchi kavu, Vittus alitoa ile fupi ya mwisho, ya kuwalaza, na mtafiti mwenye shahada mbili akalala kifudifudi.

Nyuma yao kipande kikubwa kuliko kanisa la kijiji kilianguka pale pa picha. Piterak ikapita ikibeba hema, masanduku tisa, na mpango pamoja na plastiki yake. Walilala wamekumbatia mawe hadi kesho yake. Katika saa ya tatu ya dhoruba, saa ya Preben ililia kuonya kwamba huenda kukawa na upepo mwanana.

Nyumbani, Vittus alimsimulia Bibiane akiwa ameinamisha uso. Alikuwa ameona aibu mpaka chakula hakishuki: amemwita mgeni kama mbwa. Bibiane alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akamshika mumewe mkono na asiuachie.

Majirani walikuja kunywa kahawa na kula keki, na Preben akasimama kuhutubia. Aliushukuru mpango wake. Alimshukuru Vittus kwa kumwimbia, wakati wa hatari, wimbo wa kale wa barafu. Watu wakatazama vikombe vyao. Hakuna aliyemsahihisha, mtu mzima yule.

"Mwakani tunarudi, upande wa kaskazini, watu ishirini," Preben alimalizia. "Vittus, utatuongoza?"

Vittus aliweka kikombe chini. Aliogopa kuliko pale ghubani, lakini alimtazama mgeni wake machoni, mbele za watu, akalitamka.

"Hapana."

Jirani mmoja alidondosha kijiko. Bibiane akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimlengalenga kwa fahari.

Preben akatabasamu, akampigapiga Vittus begani.

"Nimeshawajua sasa," alisema. "Nyinyi hamsemi kitu waziwazi. Hiyo kwenu ni labda." Akatoa daftari, akaandika jina la Vittus juu kabisa ya orodha.