Makato ya Boliviano Kumi na Mbili

Kidole cha Mwalimu Jhovana kilitua kwenye mstari wa tatu wa kitabu changu cha akiba, kikabaki pale.

"Haya makato ya boliviano kumi na mbili yalikuwa bima ya ajali, mama. Yako na ya mumeo. Lakini yanakoma mwezi wa Machi. Nani aliyasimamisha?"

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na ile ilikuwa Jumamosi ya pili ya darasa la fedha katika parokia yetu, hapa Oruro, Bolivia. Nilijiandikisha kwa kuwa sikuwa tena na wa kunisomea karatasi. Zote alizisoma Leandro, mume wangu, enzi za uhai wake. Wenzangu walikuwa wakitaniana juu ya asilimia, mikono yao ikinuka vitunguu vya sokoni. Nilimjibu mwalimu kwamba sijui.

Nilijua. Machi ile Leandro alikuwa Cochabamba, anaezeka mabati. Nikaenda peke yangu kwenye chama cha akiba, nimevaa kofia yangu nzuri, nikamwambia karani kwamba mimi si mjinga wa kuibiwa boliviano kumi na mbili kila mwezi. Alijaribu kunieleza, nikamkatiza. Akanipa fomu, nikatia sahihi, nikarudi nyumbani kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Juni, Leandro alianguka kutoka juu ya paa. Hospitali ilitaka malipo ya kwanza kabla ya kumpasua mguu. Tuliuza cherehani, tukauza friji, tukazunguka kwa ndugu. Siku tisa zikapita. Ya kumi, mguu ulikuwa mweusi na sumu imeshaingia kwenye damu.

Mama yake, Hilaria, ndiye aliyemfumba macho. Tangu siku hiyo alikilaani chama kile: kilikula jasho la mwanawe miaka minane, alipoanguka kikamtupa. Kila alipolaani, nami niliitikia.

Mchana wa Jumamosi ile, nilipotoka darasani, nilimkuta Hilaria uani kwetu, juani, akimenya viazi. Nilikaa chini, karibu na miguu yake, nikamweleza yote: karani, fomu, sahihi yangu. Sikujitetea. Aliendelea kumenya mpaka kile kiazi kikaisha, akakiweka kwenye beseni, akakifuta kisu kwa aproni yake.

"Ungeniacha niendelee kuwachukia wao," alisema.

Kesho yake binti yake alikuja kumchukua, wakaenda Potosí. Nilimbebea mzigo hadi kituoni. Alipokuwa akipanda basi nilimwambia, "Safari njema, mama." Alinitazama kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akaenda kukaa dirisha la upande wa pili.

Jumamosi iliyofuata nilirudi darasani. Tulikuwa tunafundishwa riba. Nilikaa kiti cha mbele kabisa, na kila niliposhindwa kuelewa, niliinua mkono.