Gitaa la Mjomba na Nyuzi Zilizolegea

Mjomba ToVanara, kama kijiji kizima kilivyomwita, alipofariki, kitu pekee alichoacha chenye ugomvi kilikuwa gitaa lake la umeme. Minazi alikwisha kuigawa akiwa hai, mikakao ilikuwa na wenyewe, na mbwa alijichagulia nyumba ya kuhamia siku hiyo hiyo ya mazishi. Likabaki gitaa, jekundu, limechubuka rangi pale kiwiko chake kilipozoea kuegemea.

Kijijini kwetu Vunaliliran mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada zake. Mjomba alikuwa na dada wawili. Mkubwa alimzaa Melita, mdogo akamzaa Tiolam. Tiolam ndiye kiongozi wa bendi ya kijiji tangu mikono ya mjomba ianze kutetemeka, na magitaa anayo, ingawa ni ya mbao. Melita anauza maandazi na tambuu pale basi linapogeuzia. Ameolewa na kaka yangu, mtu wa meli, ambaye huja nyumbani kwa nadra kiasi kwamba mbwa wake mwenyewe humbwekea. Kwa hiyo ni shemeji yangu, na mimi ni jirani yake, na napiga besi kwenye bendi. Nimeyaeleza yote haya mapema ili ijulikane kwamba sikuwa na pa kukimbilia.

Mzee Pinia, mkuu wa ukoo wao, alikata shauri. Gitaa likae kwa Melita, mtoto wa dada mkubwa. Siku ya karamu ya kumaliza matanga alipige mbele ya watu, wimbo mmoja wa mjomba, mwanzo mpaka mwisho. Akiweza ni lake. Akishindwa liende kwa Tiolam. Tiolam alikubali haraka kama mtu aliyeulizwa kama anataka kitoweo. Melita alikuwa hajawahi kushika gitaa ila kulipangusa majivu ya mlima wa volkano.

Nilimwambia amwachie tu binamu yake, apumzike. Alikuwa akikanda unga. Hakuinua macho.

"Tiolam ana magitaa," akasema. "Mimi mjomba ndiye aliyenilea, na sauti yake imo humo."

Nikamwambia humo mna waya na kutu. Akanirushia donge la unga, likanipata sikioni.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme. Hapa kwetu kila kijiji kina namna yake ya kukaza nyuzi za gitaa. Tunaiita ufunguo. Wengine wakipiga kwa ufunguo wao, nyimbo zao zinalia kama maji. Ukishika gitaa lako la kawaida na kutafuta sauti hizo, hutazipata hadi ndevu zikuote magotini. Ufunguo haufundishwi nje ya bendi. Wanaume wa Raluvalu, kijiji cha pili, wameutafuta wetu tangu enzi za baba zao, na kiongozi wao Kepas huja kwenye kila karamu yetu akiwa na njaa ya masikio. Ndiyo maana mpiga gitaa wa kwetu, wimbo wa mwisho ukiisha, hupitisha mkono kichwani mwa gitaa na kuzilegeza nyuzi zote, huu kidogo, ule sana, ovyo tu, ili atakayelishika nyuma yake asiambulie kitu. Mjomba alifanya hivyo hata kwenye sala ya kufunga, macho yamefumbwa, mdomo unasema amina, vidole viko kazini.

Alifanya hivyo na mara ya mwisho aliyopiga. Na hivyo ndivyo Melita alivyolikuta.

Bendi nzima tulijua. Lakini mambo ya ufunguo hayasemwi nje ya bendi, na Melita hakuwa kwenye bendi. Siku zote za karamu alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Yeye alichukulia kwamba mjomba alilikaza vile kwa makusudi, na heshima yake kwa marehemu ni kutogusa. Nilipojaribu kuuliza kwa kuzunguka kama haoni nyuzi zimelala mno, akanijibu kwamba mjomba ameziacha hivyo, kwani mimi ni nani.

Akaanza. Mwanzoni alipiga bila kuwasha amplifaya, akidhani ni mbovu, mpaka binti yake alipomwonyesha swichi. Ilipowaka, ilitoa mlio uliowafanya kuku wangu kuhamia kwa mchungaji. Waya wa gitaa ulikuwa haukai. Akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kisha akatafuta kwenye simu mafunzo ya bwana mmoja wa Brisbane mwenye subira sana, anayeonyesha weka kidole hapa, hiki hapa, haya, vuta. Melita aliweka, akavuta. Kwa yule bwana ilitoka sauti ya Jumapili. Kwa Melita ilitoka sauti ya kabati linaloanguka ngazini.

Alirudia, akarudia. Mwishowe akafikia uamuzi kwamba yule bwana hajui. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemsitiri mwenzake, kwamba labda huko Australia wanapiga hivyo, lakini si gitaa hili.

Basi akajitafutia mwenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kutoa maandazi, aliugonga uzi mmoja mmoja na kuusikiliza, wa juu hadi wa chini, mpaka akazijua sauti zao zilizolegea kama anavyojua vikohozi vya watoto wake. Kisha akaanza kuwinda wimbo. Ulikuwa ule mjomba aliotunga mlima ulipolipuka, kuhusu bibi aliyekataa kupanda lori la uokozi bila kuku wake. Neno moja lilikaa uzi wa tatu karibu na kichwa, neno la pili likajificha chini kabisa kwenye tumbo la gitaa, na ili kutoka hapa kwenda pale mkono ulipaswa kuruka kama panya kwenye dari. Vidole vilimvimba. Wateja wakalalamika kwamba maandazi yana umbo la ajabu. Akawaambia wale, wasitazame.

Taratibu ile kelele ikaanza kufanana na kitu. Nilikuwa nakata nyasi siku niliyojikuta naimba sehemu ya kuku bila kukusudia. Nikanyamaza mara moja, lakini alikwisha kunisikia.

"Imba tu, shemeji," akasema kutoka kwake. "Umekosea maneno, lakini imba tu."

Siku ya karamu ilifika. Simbi, ambazo kwetu ni fedha ya karamu, ziligawanywa, hotuba zikatolewa, magimbi na kuku wakaiva kwenye tui kwa mawe ya moto. Melita alikuwa huko kwenye mawe, moshi mpaka kwenye kope, na gitaa alikuwa amelikabidhi kwetu lipangwe pamoja na vyombo vingine. Na hapo Tiolam akafanya kile ambacho kiongozi wa bendi hufanya kila karamu. Alivibeba vyombo vyote nyuma ya kibanda cha kukaushia kakao, mbali na masikio ya wageni, akavikaza vyote kwa ufunguo wetu. Na lile jekundu pia. Sikuona ubaya usoni mwake. Mkono ulizoea tu. Ukimpa Tiolam kitu chenye nyuzi atakikaza, hata kitanda cha kamba.

Melita akaitwa. Akaja akipangusa mikono kwenye gauni, akavaa mkanda wa gitaa, akaweka vidole panapohusika, akavuta. Kwa mara ya kwanza tangu lifike kwake gitaa lilikuwa limekazwa sawasawa, na kwa sababu hiyo kilichotoka kilikuwa kibaya kabisa.

Akavuta tena. Kibaya vilevile. Wageni wa Raluvalu wakaanza kutazamana. Melita akamwita Tiolam kwa kidole, na mimi nilikuwa karibu, nikasikia walivyonong'ona.

"Nani kaligusa?"

"Nimekutengenezea, dada."

"Nani alikuomba?"

"Lilikuwa limelegea."

"Mimi nimelizoea likiwa hivyo, Tiolam. Toka hapo mbele yangu."

Kisha, mbele ya ukoo mzima na vijiji jirani, akaanza kuzirudisha nyuzi. Aliugonga uzi, akauzungusha, akainamisha kichwa, akaugonga tena. Hakuwa na haraka. Nikamwona Kepas wa Raluvalu akisogeza kiti chake mbele, simu imeinuliwa, mdomo wazi. Mpwa wa ToVanara mwenyewe, na gitaa la ToVanara, anakaza nyuzi hadharani, mmoja mmoja, kwa sauti ya amplifaya. Baba zake Kepas walikufa wakikitamani kitu hiki. Tiolam alipiga hatua kwenda kumzuia, akamwona Kepas, akasimama, mguu mmoja hewani.

Melita akapiga.

Sitasema ulikuwa mzuri. Ulikuwa wimbo. Nyuzi zilivuma kama nyuki ndani ya debe, na sauti yote ilitoka chini sana, kana kwamba bibi wa kuku anaimba kutoka kwenye tangi la maji. Katikati aliteleza, akarudi nyuma kuokota alipoangusha, akaendelea. Mikono yake iliruka kwa namna ambayo sijapata kumwona mpiga gitaa yeyote akiruka. Halafu wale wanawake wazee, ambao miaka yote wimbo huu huwapita juu, wakagundua kwamba leo unawafikia. Wakaanza kuimba, kwa sauti zao nzito, wakiwa wamekaa palepale chini. Akafika mwisho, lori likaondoka, kuku wakiwa ndani. Melita akaweka kiganja kwenye nyuzi, akasubiri hukumu.

Mzee Pinia alikuwa amekaa na sikio moja juu ya spika, na hata hivyo alikuwa hajasikia kitu.

"Mimi masikio yangu yalikwisha kustaafu," akasema. "Tiolam, wewe ndiye fundi. Huo ni wimbo au si wimbo?"

Tiolam alifungua mdomo. Nilijua alichotaka kusema, maana hata mimi ningesema: nyuzi zimelegea, huo siyo ufunguo. Lakini Kepas alikuwa amesimama, simu imemwelekea, akingoja kujua kama alichokamata ni chenyewe au ni takataka.

"Ni wimbo," akasema Tiolam.

"Wa mjomba wenu?"

"Wa mjomba."

"Na sauti ndiyo yenyewe?"

Tiolam akaitazama simu ya Kepas. "Ndiyo yenyewe, mzee. Ndivyo tunavyopiga sisi siku zote."

Watu wa Vunaliliran, ambao wameisikiliza bendi yetu tangu kuzaliwa, waliinamia sahani zao na kula kwa bidii. Mzee Pinia akasema basi gitaa ni la Melita, na mtu asimletee maneno mengine. Melita akaketi chini palepale, gitaa mapajani, akalia kidogo, kisha akauliza kama kuna aliyemwekea kuku.

Wa Raluvalu wanapiga hivyo mpaka leo. Nasikia wanateseka sana. Na kwa kuwa Tiolam alikwisha kusema ndivyo tupigavyo siku zote, kila karamu ambayo Kepas yupo hatuna budi kupiga hivyo hivyo, na Kepas hakosi. Tatizo ni kwamba duniani kote anayeweza kupiga hivyo na wimbo ukatoka ni mtu mmoja.

Kwa hiyo siku hizi bendi hukutana alasiri uani kwa Melita, akishamaliza maandazi. Tunakaa mkekani, nyuzi zimelala kama kamba za kuanikia nguo, na yeye anapita nyuma yetu.

"Siyo kidole hicho, Tiolam," anasema. "Kile kingine. Hapana. Kile kingine."

Vidole vyangu vimevimba, na kuku wangu hawajarudi.