Themostati ya Baba Wachira

Mume wangu, Baba Wachira, aliitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya injini mpaka yapate joto, kwenye gari letu kuukuu la Pijo kwa mkono wake, kama wafanyavyo wengi hapa Riruta.

"Hiyo ni ya baridi ya Ulaya," alisema. "Hapa inazuia maji tu."

Fundi Kitavi alimwonya kwamba maji yatapita mbio kwenye rediata bila kupoa. Hakusikia.

Basi Jumamosi tukimpeleka mjukuu wetu Becky kuolewa kanisani Parklands, gari likachemka kwenye mlima wa Kangemi. Nikashuka na mtungi wa maji, kama kawaida yangu, nikaketi juu ya jiwe na nguo yangu mpya, nikingoja injini ipoe.

"Guka, watu wananingoja," Becky akamwambia babu yake, shela mkononi.

"Dakika chache tu, mama," Baba Wachira akamjibu.

Nikasimamisha teksi, nikampandisha Becky.

"Na wewe, Cucu?" akaniuliza mimi bibi yake.

"Nenda. Nani atakaa na huyu mzee wako?"

Baba Wachira aliitazama teksi mpaka ikapotea. Alikuwa ameiosha Pijo tangu alfajiri, hata matairi.

"Kitavi hufungua gereji Jumatatu?" akauliza.

"Hufungua," nikamwambia, nikamsogezea nafasi kwenye jiwe.