Shukrani za Mkuu Mpya

Kazi ya kwanza ya DJ ilikuwa sherehe ya ofisi ileile aliyoiacha. Aliyemtia moyo kuiacha ni swahiba wake wa meza ya jirani: "Kipaji kinakuozea humu kwenye mafaili, ndugu yangu. Toka ukapige muziki!" Akatoka, kiinua mgongo chote kikaishia kwenye spika.

Sasa bosi akashika maikrofoni. "Tumpongeze mkuu mpya wa kitengo! Cheo hiki tulimwekea DJ wetu, ila swahiba wake akatuwahi, akasema mwenzake hakitaki, ameshaichoka ofisi."

Watu wakacheka. DJ naye akacheka. Kumbe alivyokuwa anasindikizwa mlangoni kwa sifa, mwenzake alikuwa anajipimia kiti.

Swahiba akapanda jukwaani na suti mpya, meno yote nje. "Jamani, nawashukuru..." Sauti ikakatika. Akagonga maikrofoni, ikaitika vizuri tu. Akafungua mdomo tena, kimya.

"Vipi tena, kaka?" akanong'ona.

"Mitambo, mkuu," DJ akajibu, kidole kwenye swichi. "Wewe ongea tu. Mimi nilishakusikiliza mara moja, inanitosha."