Uvuvi Usiokoma

“‘Uvuvi usiokoma’ ndiyo nini, Mama Gidion?” Wilhelmina alinifokea chini ya ukuta wa kiwanda cha samaki, maneno hayo yakiwa yameandikwa juu yetu, rangi haijakauka. “Si ndiyo kusema wavue mpaka wamalize?”

“Maana yake uvuvi wa kudumu. Mimi nina diploma ya uvuvi, wewe una kisu cha minofu.”

“Kisu changu kinajua Kiswahili.”

Wasichana wa minofu wakacheka. Nilimwonea wivu, sifichi. Mwaka jana alikuwa mezani akichuna sangara, sasa meneja, Bwana Venant, alimwita ofisini kila asubuhi: “Wilhelmina, unaonaje?” Mimi hakuwahi kuniuliza naonaje.

Kampuni ilitaka malengo na maadili yake yasomeke ukutani kabla wanunuzi wa Ulaya hawajafika Jumatatu. Karatasi ya Kiingereza ilisema tuvune ziwa bila kuwanyima watakaokuja baadaye. Meneja alitupa sisi wawili tuitafsiri. Ambaye maneno yake yangeandikwa ukutani ndiye angekuwa msimamizi wa ubora. Wilhelmina aliandika, “Tunavua, tunabakiza.” Nikayaita maneno ya sokoni Kirumba. Yalichaguliwa yangu, ‘Uvuvi usiokoma’.

Tulikuwa bado tunarushiana maneno mvuvi Mzee Zadok alipotua tenga la sangara mapokezi. Nikafunua. Walikuwa wa urefu wa kiganja.

“Shikamoo mzee. Hawa watoto hatupokei.”

“Marahaba. Lakini ukuta wenu unasema tusikome, mwanangu. Mimi nikome kwa nini?”

Hakuwa anatania. Wavuvi wawili nyuma yake, na matenga yao, wakaitikia.

“Leo umekoma wewe,” Wilhelmina akaninong’oneza.

Ningeweza kunyamaza. Bwana Venant alikuwa mjini, wageni hawajui Kiswahili, na cheo nilikisubiri miaka mitatu. Lakini wageni wangeondoka. Wanaobaki na nyavu ni hawa, na ukuta wanausoma kila siku.

Nikanyakua kitambaa cha Mhoja, fundi wa rangi, kilicholowa tina ya kuyeyushia rangi, nikapanda ngazi, nikafuta herufi moja moja mpaka mikono ikawa ya bluu.

“Mama, hiyo kazi ya siku nzima!” Mhoja akalia.

“Andika upya. Tunavua, tunabakiza.”

“Maneno ya nani hayo? Meneja ataniuliza.”

Wilhelmina alikuwa ananitazama, mikono kiunoni. Kulitaja jina lake ni kumpa cheo.

“Ya Wilhelmina,” nikasema. “Panda, nakushikia ngazi.”

Mhoja akapanda, akachora T.